Mmea wangu unaokula wadudu umeota mizizi hewani, juu kabisa ya udongo. Ni ukungu, ugonjwa au nini?

Mwl_Gungu · 23 Agosti, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, naishi Gungu hapa Kigoma. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Mwezi wa nne mwanafunzi wangu alirudi kutoka likizo kwao upande wa Kasulu akiwa amebeba kopo la rangi. Ndani mlikuwa na bonge la udongo mweusi wa kinamasi na vimea vitatu vidogo. Majani yake kama kijiko cha chumvi, yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone kichwani kama umande, ila umande huu haukauki hata saa saba mchana. Ukigusa unavutika kama ule ulimbo tuliokuwa tunategea ndege utotoni. Mtoto akasema, "Mwalimu, ile mimea uliyotufundisha ipo kwetu, mbuzi hawaili." Mimi nilikuwa nimeifundisha kwa mchoro wa kitabu miaka kumi na moja!

Nikakata chupa za maji za plastiki, nikatoboa chini, nikapanda. Nikaziita A, B na C. Udongo ni ule mweusi wa kwao nusu, na mchanga wa ziwani nusu. Zimekaa kwenye trei yenye maji kama kidole kimoja, dirishani upande wa mashariki. Hadi mwezi wa sita mambo yalikuwa mazuri, wanafunzi wakipishana kuleta mbu na sisimizi.

Sasa mashina yamerefuka, A limefika kama sentimita 12. Majani ya chini yamekauka yananing'inia kama sketi. Na katikati ya hiyo sketi, kwenye shina tupu, sentimita nne au tano juu ya udongo, vinatoka vitu. Vinaanza kama ncha nyeupe ya sindano, halafu vinageuka kahawia, vinazungukwa na manyoya kama ukungu wa mkate. A linavyo vinne, B viwili, C kimoja. Kirefu kuliko vyote kina urefu wa kifundo cha kidole na kinaning'inia tu, hakijagusa kitu. Wakati huohuo majani mapya yanatoka madogo na matone yamepungua.

Nimekata kimoja kwa wembe. Ndani ni cheupe na kigumu. Je, ni mizizi? Kama ni mizizi, inatafuta nini huko juu?

---

Kijana_wa_Mwanga · 23 Agosti, saa 2:31 usiku

Mwalimu, unafuga mmea unaokula nyama halafu unaogopa mizizi? Mimi ningesubiri siku utakapoota meno ndiyo nihame nyumba.

Nimekaa palee nawasubiri wataalamu. Ushauri wa bure: bi mkubwa wangu ukungu wa mchicha anautia majivu, unaisha.

---

Mwl_Gungu · 23 Agosti, saa 2:40 usiku

Majivu nilishatia kwenye C wiki iliyopita, sikutaka kusema. Limenyong'onyea zaidi.

---

BwanaShamba_Mstaafu · 24 Agosti, saa 12:20 asubuhi

Mwalimu, hujambo. Niko Isevya, Tabora. Nimekaa kwenye tumbaku zaidi ya miaka thelathini, Urambo na Kaliua, na huo mmea wako sijawahi kuulea. Lakini mzizi ni mzizi, na mimi nimechungulia mizizi mingi ya vitalu kuliko nyuso za watu.

Kwanza tutenganishe ukungu na mzizi. Chukua brashi laini ya rangi za maji, ilowanishe, pitisha juu ya hayo manyoya. Ukungu unafutika na kushikamana na brashi, unaacha sehemu tupu. Vinywele vya mzizi vinalala tu halafu vinabaki palepale, maana vimeota kutoka kwenye ngozi ya mzizi wenyewe. Pili, angalia ncha. Mzizi hai una ncha safi isiyo na manyoya, milimita chache. Ukungu hauna ncha, unatambaa ovyo.

Tatu, usishangae mzizi kutoka kwenye shina. Nyanya ukiipandishia udongo inaota mizizi shina zima. Mahindi yanaota ile mizizi ya juu kama miguu ya kigoda. Matembele ndiyo usiseme, yakigusa ardhi tu. Kwa hiyo uwezo upo. Ninachotaka kujua ni kwa nini SASA. Kwenye kitalu, mche ukianza kuotesha mizizi karibu na uso wa udongo, mara nyingi kule chini kuna tatizo: pamejaa maji yasiyo na hewa, au pana chumvi ya mbolea iliyozidi.

Unamwagilia maji gani? Mchanga ulichota wapi? Na mbolea umeweka?

---

Mwl_Gungu · 24 Agosti, saa 7:05 mchana

Shikamoo mzee. Nimefanya jaribio la brashi wakati wa mapumziko, wanafunzi wakinizunguka. Manyoya yamelala, hayakufutika, na ncha ni safi nyeupe. Kwa hiyo ni mizizi.

Mbolea sijaweka kabisa, nilishasoma kwamba ni sumu kwake. Mchanga niliuchota ufukweni Kibirizi. Maji ni ya bomba, ila nayachemsha kwanza nayapoza, ili yawe safi.

---

SamakiRangi · 24 Agosti, saa 7:48 mchana

Hapo kwenye "nayachemsha ili yawe safi" nimelazimika kuingia, ingawa huwa nasoma tu.

Mwalimu, nafanya kazi kwenye samaki wa mapambo, hawa wa rangi wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa nje. Maji ndiyo ugali wangu. Maji ya bomba ya mji huu yanatoka ziwani, na maji ya ziwa letu ni maangavu kweli, lakini si matupu. Ziwa hili linatoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, na hata huo haupeleki mengi; sehemu kubwa ya maji inaondoka kwa jua, na jua halibebi chumvi. Mto Rusizi nao unashusha madini kutoka Ziwa Kivu. Matokeo yake, maji yetu yana pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati, juu yake ni kama magadi) karibu na 9 na yamejaa magnesiamu, sodiamu na wenzao. Samaki wetu wanayapenda hivyo. Mmea wa kinamasi chenye maji machachu ya mvua utayaona kama sisi tunavyoona maji ya bahari.

Na kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Angalia ukoko mweupe kwenye birika lako. Huo ni sehemu ndogo iliyoganda, iliyobaki bado imo kwenye maji, na mvuke umepunguza maji juu yake.

Nina kipimo kidogo cha chumvi ya maji. Kesho nitapita Gungu nikitoka kazini, ukiniruhusu.

---

Drosera_TBR · 24 Agosti, saa 3:10 usiku

Daah, nimefurahi kuona kuna mwenzangu ukanda huu. Niko Ipuli, Tabora, nina Drosera capensis (Drosera ndilo jina la kitaalamu la mimea hii yenye matone ya kunata) niliyoiotesha kwa mbegu, asili yake Afrika Kusini, mwaka wa tatu huu.

Mwalimu, kwa maelezo yako (shina linalosimama, majani ya kijiko yenye kikonyo kirefu, sketi ya majani makavu) hiyo ni Drosera madagascariensis. Jina la Madagaska, lakini ipo sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, Tanzania ikiwemo. Ikitoa ua la waridi kwenye kikonyo chembamba, uje utuambie.

Na hapa natofautiana kidogo na mzee wangu Bwana Shamba, kwa heshima zote. Kwa aina hii mizizi ya shina si lazima iwe dalili ya shida. Ndiyo hulka yake. Shina lake ni jembamba na linarefuka bila kukoma, chini linakufa, juu linaendelea. Bila mizizi mipya kutoka juu lingeishi vipi?

Jambo jingine: usitegemee mzizi wa drosera ufanane na wa mchicha. Charles Darwin aliyeanza kuchunguza mimea hii mwaka 1860, akaandika habari zake mwaka 1875, aliona kwamba mizizi ya ile aina ya Ulaya, Drosera rotundifolia, ni matawi mawili matatu tu yenye urefu wa nusu inchi hadi inchi moja. Chakula kikuu kinatoka kwenye jani, mzizi unashika na kunywa. Na ni MEUSI. Watu wengi wakiona mizizi myeusi wanasema imeoza, wanatupa mmea mzima. Mzizi mzima wa drosera ni mweusi kama waya wa redio, ukiuvuta unakaza. Uliooza ni laini, unachunika ngozi, na unanuka.

Mizizi ya capensis yangu ni vituko vitupu. Mwaka jana ilipita kwenye tundu la chini la chungu, ikazunguka kwenye sahani, na baada ya muda vikaota vimea vidogo KUTOKA KWENYE MZIZI, chini ya chungu, vikichungulia pembeni kama vifaranga.

---

Kijana_wa_Mwanga · 24 Agosti, saa 3:22 usiku

Kwa hiyo mmea umezaa chini ya kitanda. Naendelea kusoma.

---

BwanaShamba_Mstaafu · 25 Agosti, saa 12:05 asubuhi

Drosera_TBR, heshima nimeipokea, na hoja pia. Lakini hulka haielezi majani kupungua ukubwa wala matone kukauka. Mwalimu ametaja mambo matatu kwa pamoja: mizizi juu, majani madogo, umande hafifu. Ukichukua moja ukaacha mawili, utatibu nusu mgonjwa.

Mwalimu, fanya jambo dogo. Chukua kijiko cha ule mchanga wa Kibirizi, ukaushe, kamulia limau. Sikiliza na uangalie.

---

Mwl_Gungu · 25 Agosti, saa 1:30 usiku

Leo nimefundishwa na mchanga.

Nimekamulia limau mbele ya kidato cha tatu. Mchanga umechemka! Povu dogodogo, hasa pale penye vipande vyeupe. Tukaweka chini ya lenzi: vipande vya makombe ya konokono wa ziwani vilivyosagika. Chokaa tupu. Nusu ya udongo wa mmea unaopenda uchachu ni chokaa, na nimeiweka kwa mkono wangu. Chokaa na asidi nafundisha kila mwaka, na bado sikuunganisha.

SamakiRangi amepita na kipimo chake, Mungu ambariki. Maji ya bomba yamesoma 410 (ppm, yaani sehemu za chumvi katika milioni moja ya maji). Yaliyochemshwa na kupozwa 395, yaani hakuna kitu. Maji ya kwenye trei ya mimea, ambayo nimekuwa nikiyaongezea tu tangu mwezi wa sita bila kuyamwaga... 1,260.

---

SamakiRangi · 25 Agosti, saa 1:52 usiku

Nathibitisha. Nilipima mara mbili nikidhani kipimo kimekufa. Na ukingoni mwa trei kuna mstari mweupe kama wa chumvi ya Uvinza. Jua linakunywa maji linaacha chumvi, mwalimu anaongeza maji yenye chumvi, jua linakunywa tena. Ametengeneza Tanganyika ndogo dirishani, bila Lukuga.

---

Drosera_TBR · 25 Agosti, saa 2:15 usiku

Mzee Bwana Shamba, naondoa pingamizi langu, au nusu yake. Wanaolea mimea hii wanajitahidi maji yasizidi 50 kwenye kipimo hicho. 1,260 ni mauaji. Nashangaa bado ziko hai.

Huku kwetu siku hizi bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria. Chumvi yake ni ndogo mno ukilinganisha na yenu, na hata hivyo simwagilii. Natumia ya mvua tu, niliyokinga kwenye pipa la bluu. Mvua ya kwanza naiacha ioshe mabati, ya pili ndiyo nakinga.

---

NyotaYaManyovu · 26 Agosti, saa 4:40 asubuhi

Habari zenu. Mimi si mtaalamu wa kitu chochote, nimezaliwa Manyovu na mimea hiyo nimeikanyaga sana nikichunga. Sisi tuliikuta pale maji yanapotokeza mlimani, si mtoni, pale ambapo ardhi inatoa jasho mwaka mzima na kuna majani mafupi na kuvumwani (kile kijani laini kama zulia kinachoota penye unyevu).

Nataka kusema kitu kimoja kuhusu hiyo mizizi. Kule kwetu ukiuona mmea huo, unaona kichwa tu, kama upana wa vidole vinne. Ukiuvuta (tulikuwa tunavuta, utoto huo) linakuja shina refu, limelala ndani ya kuvumwani kama mkia, limeshika huku na huku kwa vizizi vyeusi. Kuvumwani linakua kila mwaka na kupanda, mmea nao unapanda. Mizizi inatoka juu, lakini "juu" hiyo ni ndani ya unyevu, haionekani.

Sasa kwenye chupa ya mwalimu udongo umebaki chini na mmea umepanda peke yake. Mizizi imetoka mahali pake pa siku zote, imekuta upepo.

---

BwanaShamba_Mstaafu · 26 Agosti, saa 6:15 mchana

Binti yangu, umesema "si mtaalamu" halafu umetupita wote. Nakubali. Mzizi wa shina ni hulka, kama alivyosema kijana wa Ipuli. Kilichoongezeka ni chumvi ya chini, ambayo imefanya mizizi ya zamani isinywe, mmea ukategemea mipya, na mipya ikaning'inia hewani. Ndiyo maana majani yamedhoofu. Umande wa jani ni maji, na maji yanatoka wapi?

Mwalimu, una vyungu vitatu na wanafunzi. Usitibu vyote kwa namna moja.

---

Drosera_TBR · 26 Agosti, saa 7:00 mchana

Naunga mkono. Ningefanya hivi.

A, lenye mizizi mingi ya juu: kata shina kwa wembe safi, sentimita mbili hivi CHINI ya mizizi ile. Kichwa pamoja na mizizi yake ukipande upya, mizizi ndani, kile kitovu cha majani mapya kibaki juu kabisa, ukikifukia kitaoza. Kisiki usikitupe. Mara nyingi kinachipua.

B: usikate. Osha udongo kwa kupitisha maji matupu mengi kutoka juu, mwaga yote, halafu zungushia shina kuvumwani lililoloweshwa mpaka lifike kwenye mizizi. Yaani mfanyie kile alichosema Nyota.

C lenye majivu: sina matumaini. Majivu ni magadi matupu. Lakini kama shina bado ni gumu, likate vipande vya sentimita mbili tatu, vilaze juu ya kuvumwani, funika na chupa.

Siku chache za kwanza baada ya kukata, funika kichwa cha A pia na chupa iliyokatwa kitako. Vinginevyo majani yatapoteza maji kabla mizizi haijazoea.

---

Mwl_Gungu · 26 Agosti, saa 1:20 usiku

Nimeelewa. Tatizo: maji matupu nitapata wapi mwezi wa nane Kigoma? Mvua ya mwisho siikumbuki. Vumbi la Gungu mnalijua.

---

SamakiRangi · 26 Agosti, saa 1:33 usiku

Maduka ya vipuri vya magari. Omba maji ya betri, yale yaliyotoneshwa kwa mvuke. LAKINI mwalimu, soma chupa mara tatu. Kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, chupa zinafanana na muuzaji mwingine vyote anaita "maji". Mwambie wazi unataka ya kuongezea, si ya kujazia betri mpya. Ukifika nyumbani, tone moja kwenye magadi ya kupikia: likichemka, irudishe dukani na unawe mikono. Ikipita hapo, nitakuja kuipima. Yakizidi 10 tumeibiwa.

Njia nyingine ni maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ofisi nyingi zinayamwaga tu nje. Kinga kwenye ndoo safi.

---

Kijana_wa_Mwanga · 26 Agosti, saa 1:45 usiku

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Mwalimu anaenda gereji kununua kinywaji cha mmea.

Huo udongo mweusi na kuvumwani mnapata wapi? Nina pikipiki, Jumamosi naweza kwenda kinamasi cha Malagarasi nijaze gunia zima tugawane.

---

NyotaYaManyovu · 27 Agosti, saa 3:00 asubuhi

Kaka, gunia acha. Malagarasi–Muyovosi imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia tangu mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania, si mahali pa kuchimba magunia. Na hata kwetu mlimani, ile chemchemi ukiifukua kuvumwani lake, kiangazi kinachofuata akina mama hawachoti kitu. Mwalimu ana vyupa vitatu. Kiganja kimoja cha kuvumwani kinamtosha, na shangazi yangu anakuja mjini Ijumaa kuuza maharage.

---

BwanaShamba_Mstaafu · 27 Agosti, saa 3:40 asubuhi

Na mchanga nitatuma mimi. Tabora tuko juu ya mawe ya granaiti, mchanga wetu wa korongoni ni kokwa ngumu tupu, nimeukamulia limau asubuhi hii haukusema neno. Kilo tano, umeoshwa mara saba. Kuna kijana anapanda treni kesho.

---

Kijana_wa_Mwanga · 27 Agosti, saa 3:44 asubuhi

Mchanga. Kwa treni. Kuja mji wenye ufukwe. Mwisho wa reli tumeona mengi.

---

Mwl_Gungu · 9 Septemba, saa 2:00 usiku

Mrejesho. Mchanga umefika, kuvumwani limefika pamoja na maharage ambayo sikuyaagiza (mwambie shangazi asante sana). Maji ya betri lita moja nimeuziwa elfu mbili, SamakiRangi kayapima: 3. Baada ya hapo nimepata kiyoyozi kwa rafiki yangu mmoja, ndoo nzima kwa siku mbili, kimesoma 14.

Tulipofumua A, mizizi ya chini ilikuwa aina mbili. Mingine myeusi na migumu kama alivyosema Drosera_TBR, lakini ncha zote zimekufa, hakuna hata moja nyeupe. Mingine laini, ukiishika ngozi inabaki kidoleni. Na udongo una harufu ya yai. Yaani mmea mzima ulikuwa unaishi kwa ile minne ya hewani na hicho kidogo kilichobaki. Na mmoja kati ya hiyo nilishaukata kwa wembe, mwalimu mzima.

A limekatwa, limepandwa, limefunikwa. B limevalishwa kuvumwani. C majani yote meusi, shina bado gumu kidogo, tumekata vipande vitatu.

---

Drosera_TBR · 9 Septemba, saa 2:25 usiku

Safi. Usifukue kuangalia! Najua utataka. Maji kwenye trei yawe madogo, yaache yaishe siku moja ndipo uongeze, mizizi mipya inataka hewa pia. Ile harufu ya yai ndiyo udongo usiopumua.

---

Mwl_Gungu · 2 Oktoba, saa 1:15 usiku

Sikufukua. Mwanafunzi mmoja alifukua, nimemsamehe kwa sababu alichokiona ni kizuri: mizizi ya A ndani ya kuvumwani imetoa ncha nyeupe tatu mpya, mmoja umegawanyika.

Majani mapya ya A bado madogo lakini matone yamerudi, juzi limekamata mbu wawili. B ndilo lililonishangaza, maana halikukatwa. Jani jipya ni kubwa kuliko yote tangu mwezi wa tano. Na limeota mizizi mingine MIWILI juu zaidi, sentimita moja juu ya kuvumwani! Safari hii majani yanang'aa, kwa hiyo sijashtuka. Nimeongeza kuvumwani tu.

---

BwanaShamba_Mstaafu · 3 Oktoba, saa 12:10 asubuhi

Basi kijana wa Ipuli alikuwa na haki yake. B hana shida na bado anaotesha. Nimeandika kwenye daftari langu.

Swali: mnalisha yote sawasawa? Imeonekana mimea hii ikipata wadudu hata mizizi inanyonya zaidi, si jani peke yake linaloshiba. Kama B analishwa kuliko A, ulinganisho wenu umeharibika.

---

Mwl_Gungu · 3 Oktoba, saa 7:20 mchana

Mzee umenikamata. B liko karibu na dawati la wanaopenda kulisha. Kuanzia leo kila chungu sisimizi wawili kwa wiki, kuna ratiba ukutani.

---

SamakiRangi · 18 Oktoba, saa 12:50 jioni

Wakuu, kumenyesha Kibirizi. Mvua ya dakika ishirini. Nimekinga ya mwisho mwisho: 8.

---

Mwl_Gungu · 14 Novemba, saa 2:30 usiku

Mvua zimeshika sasa, tenki dogo limejaa, gereji wamenisahau.

A limefikisha majani kumi na moja. Kisiki chake, ambacho tulikiacha kwenye chupa ya zamani baada ya kubadilisha udongo, kimetoa machipukizi mawili pembeni, kila moja na vinywele vyake vyekundu. B limetoa kikonyo cha ua, bado kimejikunja kichwa kama mpini wa mwavuli. C: vipande viwili vimeoza. Cha tatu, kile cha juu kabisa, kina kitu cha kijani chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Chini ya lenzi kina matone manne.

Aliyeleta kopo la rangi anataka arudishe kimoja kwao Krismasi.

---

NyotaYaManyovu · 14 Novemba, saa 2:51 usiku

Mwambie asirudishe chemchemini. Hivi vimeshachanganyika na mchanga wa Tabora, vimelea vya darasani na sisimizi wa Gungu, hatujui vinabeba nini kwenda kwa wenzao. Apande kwenye kopo nyumbani kwa mama yake, kule mlimani vimea vingine vipo na vinajitosheleza.

---

Kijana_wa_Mwanga · 14 Novemba, saa 3:05 usiku

Mwalimu, meno bado? Kama bado, na mimi niwekee kimoja cha kisiki.

---

Mwl_Gungu · 14 Novemba, saa 3:09 usiku

Bado. Njoo Jumamosi na lita tano za mvua uliyokinga mwenyewe. SamakiRangi atakuwepo mlangoni na kipimo.